Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Mitaala na Mitihani

Kwa Wakuu wa Mitaala na Mitihani,
Nairobi.

MINT: SHUKRANI KWA KUNILELEA MTOTO ANAYEJUA KISWAHILI CHOTE ILA KUKISEMA

Waheshimiwa,

Mtajo nimeuweka kwa herufi kubwa, maana najua mnakokata alama. Sasa niruhusuni nishukuru.

Binti yangu yuko kidato cha tatu. Nyumbani kwetu Kisii tunasema Ekegusii, kwa hivyo Kiswahili alikikuta shuleni, kama walivyokikuta Wakenya wengi tangu mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 na somo hili likawa la lazima. Juzi alikuwa mezani akiandika sentensi katika ukubwa na wingi. “Mtoto wa mwanamke huyo ameiba kisu” ikazaa “Matoto ya majanajike hayo yameiba majisu.” Akapigiwa alama ya vyema kwa wino mwekundu. Mimi umri huu wote sijapata kusikia mtu akimwambia mwenzake maneno hayo, lakini naamini mnajua msilotuambia. Pengine siku moja majanajike yatatuvamia, na ni watahiniwa wenu pekee watakaoweza kupiga ripoti polisi.

Tena mmemfunza adabu. Kuna siku alimwambia mwalimu, “Kitabu yangu imepotea.” Mwalimu akamkata kauli: “Kitabu changu kimepotea!” Darasa zima likarudia kwa sauti moja, kitabu changu kimepotea, tena na tena, mpaka ngeli ya KI-VI ikatulia. Kitabu chenyewe hakikutafutwa. Binti naye akaelewa somo: ukitaka amani katika kipindi cha Kiswahili, nyamaza. Siku hizi ngeli zake hazina kasoro, kwa kuwa hazimtoki mdomoni.

Kwenye insha ndiko hasa mlikonivutia. Ana daftari la mapambo ambalo hulikariri kabla ya kulala. Insha ya harusi, ya ajali, ya moto bwenini, zote huanza alfajiri, majogoo wamewika, ndege wanatumbuiza. Hakuna mtu anayetoka nyumbani bila kushika hamsini zake, wala anayekimbia bila kusema miguu niponye. Katika daftari lile mvua haijawahi kunyesha asubuhi. (Methali sizigusi, zitanimalizia karatasi.)

Likizo ya Agosti tulikwenda Mombasa kwa shangazi yake, tukatumwa nyanya soko la Kongowea. Mnalikumbuka lile swali la isimujamii, eleza sifa za sajili ya sokoni? Yeye alizipata zote: lugha ya kushawishi, chuku, kuchanganya ndimi, kupatana bei. Sasa alikuwa ndani ya sajili yenyewe, nami nyuma yake na kikapu. Akamwendea mama mmoja, akavuta pumzi, akasema, “Shikamoo mama. Ningependa kununua nyanya zilizoiva, nyekundu mithili ya damu.” Mama akamgeukia mwenzake wa meza ya pili: “Huyu kaja kununua ama kuposa?” Kisha akamwuliza kwa upole, “Wataka za mchuzi au za kachumbari, mwanangu?” Binti kimya. Swali halikuwa na nafasi ya kujaza. Akamalizia kwa Kiingereza na vidole.

Siwalaumu. Karatasi zenu za KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, nazijua: Insha alama 40, Lugha 80, Fasihi 80. Matumizi ya lugha peke yake yamebeba 40. Katika alama zote 200 hakuna hata moja inayomdai mtahiniwa afungue kinywa. Hata fasihi simulizi, mali ya vinywa tangu jadi, huulizwa kwa kalamu: taja sifa za mtambaji bora. Na wenzenu wa Kiingereza wamewazidi ujanja. Karatasi yao ya kwanza ina sehemu nzima ya stadi za kuzungumza, alama 30 kati ya 60, na mtoto huijibu kwa kuandika, kimya kimya, msimamizi akimkodolea macho asije akaongea.

Mtaala mpya wa umilisi ulinitia hofu kidogo, kwa kuwa kusikiliza na kuzungumza kumetajwa mwanzo kabisa kwenye orodha ya mada. Nikatulia nilipoona mtihani wa kitaifa ungali wa karatasi.

Yuko mtaalamu wa Kanada, Merrill Swain, aliyewachunguza watoto waliosomeshwa masomo yao kwa Kifaransa. Walikisikia miaka na miaka, wakakielewa vizuri, ila kukisema kukawa kunawapiga chenga. Mwaka 1985 akaandika kwamba mwanafunzi hana budi kusukumwa azungumze, atafute neno, akwame, ajikwamue. Hayo ni ya Kanada. Sisi hata huko kukisikia hatujafika. Tumeshika njia ya zamani zaidi, ile iliyotumika kufundishia Kilatini katika shule za Ulaya: kanuni, majedwali, mazoezi ya kugeuza sentensi. Kwa Kilatini ilifaa. Hakuna mama wa nyanya anayekusubiri upande wa pili.

Walimu msiwaguse. Wa binti yangu ana darasa lililojaa hadi dirishani, na anajua mkuu wa shule atamwuliza wastani, hatamwuliza nani aliongea. Akithubutu kuwaacha watoto wapatane bei wawili wawili, wakosee, wacheke, na makosa yasahihishwe baadaye ubaoni, darasa la jirani litadhani mwalimu hayupo. Na jambo lenyewe ni la dakika chache tu, halitaki maabara wala fedha za wafadhili. Ndiyo maana sitalipendekeza kwenu. Halina hata semina ndani yake.

Ombi langu ni moja. Mkitaka kunijibu, msijisumbue na anwani mbili na tarehe. Nipigieni simu. Mchana mimi huwa shambani, kwa hivyo wakati wa likizo atakayepokea ni binti yangu. Mwulizeni niko wapi na nitarudi saa ngapi. Jibu lake lina alama ngapi, mtaamua nyinyi.

Wenu mtiifu,
Mama wa mtahiniwa,
Kisii.