Muulize Mshauri: Seva Imeninunia

Shikamoo Mshauri. Nacheza sataranji mtandaoni kila jioni. Nikikaribia tu kumfunga mpinzani, skrini inaganda, linatokea kosa namba 502, na saa yangu ya mchezo inaendelea kukimbia hadi nimeshindwa. Nikijaribu tena, hivyo hivyo. Nifanyeje?
Farasi Mchovu, Tanga

Marahaba, mwanangu.

Mshauri ameisoma barua hii hadi mwisho, heshima ambayo haitoi kwa kila mtu. Ya yule mama wa Kibaha mwenye matatizo na mkwewe aliiacha ukurasa wa pili. Hii ya Farasi Mchovu ina sifa mbili: ni fupi, na inagusa fani ambayo Mshauri, bila kujisifu, anaifahamu kuliko walioibuni.

Tuanze na hao walioibuni. Mwaka 1989 Mwingereza Tim Berners-Lee, akiwa kwenye kituo cha utafiti cha CERN mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, alipendekeza mfumo ambao leo tunauita wavuti. Seva yake ya kwanza ilikuwa kompyuta moja ya NeXT, na kinga yake kuu ilikuwa kikaratasi kilichobandikwa ubavuni, kimeandikwa kwa wino mwekundu, kuwakataza watu wasiizime. Wavuti ya dunia nzima ilikuwa chini ya ulinzi wa gundi! Mshauri alipoisikia habari hiyo alibandika karatasi yake juu ya redio ya sebuleni, na tangu hapo hakuna mjukuu aliyethubutu kugusa stesheni. Berners-Lee alipewa cheo cha Sir na Malkia wa Uingereza. Mshauri bado anasubiri chake, na anwani yake ipo kwa mhariri.

Sasa namba. Watu wengi wakiona kosa hutazama neno na kuiacha namba, ilhali namba ndiyo inayotaja mhusika. Ikianza na 4, kidole kinaelekezwa kwa aliyeomba: 404 kaomba ukurasa usiokuwepo, 429 kaomba mara nyingi mno ndani ya muda mfupi. Ikianza na 5, kidole kimegeuka, shida iko upande wa seva.

Na hizo za 5 nazo zina ukoo wake. Mtu akienda kula kwa mama ntilie haingii jikoni, humwagiza mhudumu. Mhudumu akirudi na kusema huko jikoni amejibiwa maneno yasiyo na kichwa wala miguu, hiyo ni 502. Jikoni wakisema wamezidiwa, mteja arudi baadaye, hiyo ni 503. Mhudumu akisimama dirishani hadi miguu ikamvimba bila mtu kumjibu, hiyo ni 504. Katika hali zote tatu mteja hana kosa, na kubadilisha kijiko hakuleti wali. Mshauri aliwahi kuueleza mfano huu kwenye harusi moja ya Pangani, kwa sauti na kwa ishara za mikono. Wapishi wakadhani wanasemwa wao, pilau ikapita meza ya Mshauri bila kusimama. Elimu ina gharama, na Mshauri ameilipa akiwa na njaa.

Ipo pia 418, ambayo Farasi Mchovu hakuiulizia lakini ataambiwa. Tarehe 1 Aprili 1998 mhandisi Larry Masinter alichapisha waraka wa mzaha, umeandikwa kwa lugha nzito ya kiufundi, kuhusu kuendesha mashine za kahawa kupitia mtandao. Ndani yake, birika la chai likiombwa kupika kahawa linatakiwa lijibu 418, maana yake lenyewe ni birika la chai. Mwaka 2017 likaja pendekezo la kuiondoa namba hiyo kwenye baadhi ya programu. Watu wakaitetea kwa kelele, ikabaki. Mshauri anaitumia nyumbani. Shemeji akija kukopa, anajibiwa 418.

Turudi kwenye sataranji, kabla Farasi hajachoka zaidi.

Farasi Mchovu, kama wachezaji wengi, anaamini kuna mtu anamchezea rafu. Atazame yaliyowapata Chess.com mwezi Januari 2023. Hamu ya sataranji ilipanda ghafla duniani, na tarehe 20 ya mwezi huo wanachama milioni 10 waliingia ndani ya siku moja. Seva zikawa zinaanguka na kuinuka, michezo ikikatika katikati, hadi kampuni yenyewe ikatangaza hadharani kwamba mitambo yake imezidiwa. Aliyekuwa akiwanyang'anya watu ushindi saa zile ni umati wa watu wanaopenda kitu kile kile saa ile ile. Jioni hujaa kuliko alfajiri. Mshauri hucheza alfajiri, na ingawa wapo wanaosema hufanya hivyo kwa sababu wachezaji wazuri wote wamelala, hao ni wenye wivu.

Hata wenye mitambo mikubwa hukimbilia kutafuta mchawi. Tarehe 18 Novemba 2025 tovuti nyingi zinazopita kwenye mtandao wa Cloudflare zilianza kutoa makosa ya ukoo wa 5 dunia nzima. Wahandisi wao mwanzoni wakashuku kwamba wanashambuliwa. Baadaye ikagundulika kwamba ni faili lao wenyewe, linalosaidia kutambua roboti, lililovimba kuliko ukubwa ambao programu yao iliruhusu. Mshauri angewaambia mapema, maana kwenye ukoo wake kila kinachovimba huleta matata. Hakuna aliyempigia simu.

Njia nayo ina mambo yake. Tuseme Farasi anachezea Lichess, ile tovuti ya bure isiyo na matangazo iliyoanzishwa mwaka 2010 na Mfaransa Thibault Duplessis na inayoishi kwa michango. Seva zake kuu ziko Ufaransa. Kila kete inayosogezwa Tanga inazama baharini na kusafiri ndani ya uzi wa kioo, ambamo mwanga hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Njia ya kilomita 10,000 inakula sehemu moja ya kumi ya sekunde kwenda na kurudi, hata siku ambayo kila kitu ni kizima. Mshauri katika ujana wake alipeleka barua Muheza kwa baiskeli, na ingawa alichukua muda kidogo zaidi, hakuna aliyewahi kurudishiwa 504.

Na siku nyingine si nzima. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika upande wa kusini, na intaneti ya Tanzania, Kenya na majirani zao ikaanza kutambaa. Februari ya mwaka huo huo mikongo kadhaa ilikuwa imekatika Bahari ya Shamu. Wanaokata mikongo mara nyingi ni nanga za meli na nyavu za uvuvi. Papa anasingiziwa tu. Nchi kavu pia haiko salama: mwaka 2011 huko Georgia bibi wa miaka 75, aliyekuwa akichimba ardhini kutafuta shaba ya kuuza, alipitisha zana yake kwenye kebo, na sehemu kubwa ya nchi jirani ya Armenia ikakosa intaneti kwa saa kadhaa. Mshauri amemwonyesha mkewe habari hii, na bustani ya mchicha sasa inalimwa kwa mikono mitupu.

Basi dawa. Farasi Mchovu ashuke Raskazone maji yakipwa, aikabili bahari, na aikaripie mikongo kwa majina, mmoja baada ya mwingine, kwa sauti ya mtu anayedai kodi ya nyumba. Simu aiache kwa mwenye genge. Asirudi mpaka sauti imkauke.

Wasiojua watacheka. Lakini dawa hii ina mzizi wa kisayansi, na mzizi huo uko Hawaii. Mwaka 1971 Norman Abramson na wenzake walianzisha ALOHAnet, mtandao wa redio ulioiunganisha kompyuta ya chuo kikuu na visiwa vingine. Vituo viwili vikisema kwa pamoja, ujumbe wote uliharibika. Wakaamua kwamba kila kituo kisubiri muda wa kubahatisha kabla ya kurudia, ili visigongane tena. Programu nzuri za leo zimeongeza busara juu yake: ukikosa, ngoja sekunde moja, kisha 2, kisha 4, kisha 8, na kuendelea. Seva iliyozidiwa ikiinua kichwa na kukutana na maelfu ya watu wanaobonyeza kitufe cha kupakia upya, inazama tena pale pale. Mtu anayeikaripia bahari hana mkono wa kubonyeza. Mshauri aliigundua kanuni hii peke yake, bila visiwa, kwa kuwa mzembe.

Dawa ya pili ni ruta. Wapo wanaoifukizia udi, na Mshauri hawakatazi, nyumba itanukia. Ila wakimaliza kuifukizia waitoe nyuma ya friji na mbali na simtanki, kwa sababu chuma huzuia mawimbi ya redio na maji huyameza. Iwekwe juu, mahali wazi. Ya Mshauri iko juu ya kabati, pembeni ya picha yake akiwa na suti, na wageni hawajui waanze kutazama kipi.

Mhariri ameingia na kusema nafasi imebaki kiduchu, na kwamba swali bado halijajibiwa. Ni maneno makali kwa mtu wa umri wake. Haya, haraka: namba ikianza na 5, Farasi aachane na simu, atazame ukurasa wa hali ya huduma ambao tovuti nyingi huuweka kando, asubiri, na azidishe subira kila anaporudia. Ikianza na 4, aangalie alichoandika, afute vidakuzi, aingie upya. Kama hakuna namba yoyote, inazunguka tu, ajaribu bando la laini nyingine. Ikifunguka, mgonjwa ni mtandao wake wa nyumbani. Kikitokea kilio kwamba muunganisho si salama, aangalie kwanza tarehe na saa ya simu, maana simu yenye saa ya uongo huviona vyeti halali vya tovuti kama vimekwisha muda. Na badala ya michezo ya dakika 3 acheze ya dakika 15 yenye nyongeza ya sekunde 10 kwa kila hatua, ili mtandao ukikatika kidogo arudi akiwa bado ana saa. Michezo ya kupeana siku nzima kwa hatua moja ipo pia, na humo hata Muheza kwa baiskeli panafikika.

Wiki ijayo msomaji wa Morogoro anauliza kwa nini printa yake hula karatasi siku za mitihani tu, na Mshauri ataeleza kwa kirefu namna alivyonusurika kuwa rubani.