Jinsi ya Kuihoji Ndala Iliyokutwa Ufuoni

Usiiokote kwanza. Najua mikono inakuwasha na gunia liko tayari, lakini taka iliyozolewa bila kuhojiwa huenda jalalani na siri zake zote. Ufuo utang'aa leo, maji yatajaa, na wiki ijayo utaokota zilezile bila kujua mshtakiwa ni nani.

Nenda maji yakipwa. Pima mita 100 kwa kamba, chomeka vijiti viwili, na urudi mahali palepale kila mwezi. Hesabu ya ufuo wa Kunduchi hailinganishwi na ya ufuo wa Kigamboni. Andika tarehe na upepo, kusi au kaskazi. Kisha fuata polepole mstari wa mwani uliotupwa na maji, maana hapo ndipo watuhumiwa hulala.

Mahojiano yanataka subira. Chukua chupa, igeuze, soma lebo, tafuta tarehe shingoni. Ikiwa ni maji ya juzijuzi yanayouzwa hapo mtaani, huenda imeteremka na mfereji au mto. Dar es Salaam, Msimbazi hubeba mizigo ya namna hiyo kila masika. Ikiwa imegandwa na viumbe wadogo wenye magamba, imeelea muda mrefu. Pwani ya Kenya zimeokotwa hata chupa zenye lebo za Indonesia: zipo zinazoletwa na mikondo, zipo zinazotupwa na meli zinazopita. Mto na meli havina hakimu mmoja, kwa hiyo usichanganye mafaili.

Ndala haina lebo, basi ihesabu. Huko Lamu, fundi Ali Skanda na wenzake waliunda jahazi la Flipflopi kwa plastiki iliyookotwa, wakalivika vipande vya ndala zipatazo 30,000, na mwaka 2019 likasafiri hadi Zanzibar. Nalipenda mno jahazi lile, ila hatuwezi kuunda majahazi kwa kasi tunayotupia ndala.

Mifuko ya plastiki ipe safu yake. Kenya iliipiga marufuku Agosti 2017, Tanzania Bara Juni 2019; ukiikuta bado, huo ni ushahidi. Wavu uliokatika utoe kabla hata ya kuandika, usirudi majini kunasa kasa.

Sasa jaza gunia. Hesabu yako ipeleke kwenye kikao cha BMU (kikundi cha wanajamii kinachosimamia ufuo na uvuvi) au serikali ya mtaa, udai isomwe kwa sauti: chupa ngapi, za kampuni gani, chini ya mfereji upi. Wasipokuwa na jibu, mwezi ujao nenda na ya pili, na majirani.