Namna ya Kuota Huku Unajijua: Mwongozo kwa Mgeni wa Delta ya Rufiji

Lengo ni dogo: uote, ujue kwamba unaota, kisha ufanye upendavyo. Inawezekana. Mwaka 1975, katika Chuo Kikuu cha Hull, Uingereza, Alan Worsley akiwa usingizini alimpelekea mtafiti Keith Hearne ishara kwa kupeleka macho kushoto na kulia kama walivyopatana, maana mtu akiota mwili hulegea, macho ndiyo hubaki yakicheza. Wewe mashine za Hull huna. Una dungu.

Lipande basi, ulinde mpunga. Ndoto ndefu huja kuelekea alfajiri, na mafundi wa kazi hii hushauri ulale kwa muda wa saa tano hivi, uamke, ukae kidogo, ulale tena. Wenzetu hutegesha kengele. Hapa nguruwe pori watakuamsha bure: piga debe, piga kelele, jilaze. Mwenye shamba lakini hatambui utafiti.

Ukishaota, jipime. Soma jina la kanga ya mama aliye mbele yako, tazama pembeni, soma tena. Maneno yakibadilika, ndoto hiyo. Usisome mara ya tatu. Hata ndotoni ana kaka zake. Au bana pua uvute pumzi: zikipita, unaota. Kipimo hiki usikifanye ukiwa macho pale bandarini Nyamisati, wauza samaki watajua umewasema.

Sasa umejua. Tulia, furaha ikizidi utazinduka. Unaweza kuruka juu ya mikoko mpaka kisiwani Mafia, au kuuvuka Rufiji kwa miguu na mamba wakikupisha. Hutafanya hivyo. Utapanga foleni ya boti. Utauliza nauli, utalalamika, utapunguziwa, utashukuru. Utatoa shikamoo kwa wazee uliowaumba mwenyewe dakika hiyo, na mmoja ataitikia kwa kununa. Kisha utakaa juu ya begi kungoja maji yajae, bahari yote ikiwa yako, kwa sababu nahodha hajamaliza chai. Usithubutu kumwambia kwamba yeye ni ndoto. Atakushusha.

Ukifanikiwa kuruka, ruka chinichini. Vijijini mtu anayeruka usiku ana jina lake.

Huenda akili ikaamka kabla ya mwili: kifua kizito, mkono haunyanyuki, na kuna mtu pembeni. Ndilo jinamizi. Wanasayansi wanasema ule ulegevu wa ndotoni umechelewa tu kuondoka, na hupita wenyewe. Maelezo hayo yasome mchana. Usiku utasoma Ayatul Kursiyu kama sisi wengine.

Asubuhi usibwabwaje. Tumefundishwa ndoto njema aambiwe akupendaye, na mbaya isisimuliwe. Ya kwako haina fungu. Mwenye shamba akiuliza ulikuwa wapi nguruwe wakila mpunga, mwambie ulikwenda Mafia. Akiuliza ulikwendaje, mtajie nauli.