Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Dirisha la Wazee

Mheshimiwa Dirisha,

Wazee wanakuamkia shikamoo, ingawa kwa umri ni wewe uliyepaswa kuanza. Wanakushukuru kwa bango la "Mzee Kwanza" lililobandikwa juu ya kioo chako hapo hospitalini, na kwa benchi wanalolikalia tangu alfajiri wakisubiri huyo wa kwanza aitwe.

Tatizo ni maswali yako. Bibi akiletwa na mjukuu, unataka jina, mwaka wa kuzaliwa na kitambulisho. Bibi anatabasamu, anamwita mjukuu kwa jina la kaka yake marehemu, kisha anauliza treni inaondoka saa ngapi. Anapitishwa kwa daktari, anatoka na panadoli na jibu lile lile: "Huo ni uzee tu."

Uzee huo umeshapimwa. Utafiti wa vijijini wilayani Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2013, ulikuta kuwa katika kila watu 100 wenye miaka 70 na zaidi, zaidi ya 6 wana demensia, ambayo ni maradhi ya ubongo. Shirika la Afya Duniani nalo linahesabu wagonjwa zaidi ya milioni 55 duniani, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Wewe usipotoa jibu, kijiji kinalo. Usukumani, vikongwe wameuawa kwa kushukiwa uchawi, ushahidi ukiwa macho mekundu yaliyoungua kwa moshi wa jikoni. Bibi anayetangatanga usiku akizungumza peke yake atajiteteaje huko? Vipimo vya huko havina foleni.

Sera ya Taifa ya Wazee nayo ilitolewa mwaka 2003. Imepita miaka 20 na ushee. Isije ikawa nayo imeanza kusahau.

Ombi lenyewe ni dogo. Kipo kipimo kifupi kilichojaribiwa hapo hapo Hai na nchini Nigeria, kinachomfaa hata asiyejua kusoma: mzee anaulizwa leo ni siku gani na daraja ni kitu gani, anataja wanyama, anapanga njiti za kiberiti kama alivyoonyeshwa. Mhudumu asiye daktari hufundishwa akakiweza.

Basi bajeti ijayo iwe na semina ya wahudumu wa zahanati, pamoja na kiberiti kimoja kwa kila kituo. Kama kiberiti nacho kinahitaji zabuni, itangazwe. Wazee hawana pingamizi.

Nakala: Wizara ya Afya, kwa utekelezaji.