Njaa Isiyo na Bili ya Umeme

Wapo watu wasio na shukrani wanaonung'unika kwamba maghala ya msaada wa chakula hapa Marekani yana masharti mengi. Mimi huwa nakaa mezani kutafsiri, kati ya Wakongo waliotoka kambini na wazee wa kanisa wanaogawa makopo, na nashuhudia kwamba masharti yale ni mema mno. Bila hayo, chakula kingemfikia yeyote mwenye njaa.

Tuanze na msimbo wa posta. Ghala letu linahudumia mitaa yake tu. Anayekaa upande huu wa barabara anapata maharage. Jirani wa ng'ambo, anayesalimiana naye kila asubuhi, aende ghala la kwao, mabasi mawili kutoka hapa, linalofunguliwa Alhamisi ya pili ya mwezi. Ni sawa kabisa. Njaa ikizoea kuvuka barabara, nani ataizuia?

Sisi tunafungua Jumanne, saa nne hadi saa sita. Waliopo kiwandani wakikata kuku saa hizo watuwie radhi. Aliye kazini ana kazi, na mwenye kazi, tumeafikiana, hawezi kuwa na njaa.

Kisha bili ya umeme yenye jina lako. Hapa ndipo hekima ilipojificha. Mwenye nyumba, mkataba na umeme usiokatwa huileta bila taabu. Anayelala sebuleni kwa binamu yake hana bili, kwa hiyo hana anwani, kwa hiyo hayupo, na asiyekuwepo hali.

Siku moja alikuja bibi mmoja mzaliwa wa Fizi, aliyezeekea kambi ya Nyarugusu, kule Kigoma. Kambini alikuwa na kadi ya mgao moja tu, akaja na mazoea hayo mabaya. Nikamwamkia, nikamsomea fomu: "Bibi, nyumbani mko wangapi?"

"Wanaokula au wanaolala?" akauliza.

Nikatafsiri. Mama wa mezani akaangalia fomu, akaona kisanduku ni kimoja, akasema waandikwe wenye karatasi. Bibi akatoa karatasi za watu wanane, wote wamezaliwa tarehe 1 Januari. Ndivyo wanavyoandikiwa wakimbizi wengi ambao tarehe zao hazijulikani. Yule mama akazipekua mara mbili, kisha akaipongeza familia kwa sherehe moja kubwa ya kuzaliwa. Wa tisa, mjukuu wa marehemu dadake, karatasi zake zilikuwa bado njiani. Kopo lake nalo likabaki rafuni, likimsubiri kwa uvumilivu.

Serikali kuu, kusema kweli, imelegea. Sehemu ya vyakula hivi hutoka kwenye mpango wake, uliotokana na jibini. Mwaka 1981 Rais Reagan aliagiza maskini wagawiwe jibini lililorundikana kwenye maghala ya serikali na kuanza kuota ukungu. Mwaka 1983 ikatungwa sheria ya msaada huo, kwa jina la mpango wa muda. Mwaka 1990 hilo la muda likafutwa, njaa ikapewa ajira ya kudumu. Kanuni za mpango zinakataza kumnyima mtu kwa sababu amehamia juzi, na kuhusu kipato, kwa kawaida neno lake mwenyewe linatosha. Neno lake mwenyewe! Ndiyo maana maghala kama letu yakaongeza masharti ya kwao, kwa kujitolea, bila kulipwa hata senti.

Tusisahau tulikotoka. Ghala kuu la kwanza la aina hii lilianzishwa Phoenix, Arizona, mwaka 1967, na John van Hengel. Husimuliwa kwamba wazo alilipata kwa mama mmoja aliyekuwa akilisha watoto wake kwa vitu vilivyotupwa nyuma ya duka la vyakula. Fikirini hali ilivyokuwa: pipa lile halikuwa na fomu. Mtu wa mtaa wowote angeweza kufunua mfuniko, usiku au mchana, mara mbili kwa wiki akitaka, na hakuna aliyejua idadi ya waliokula. Tumetoka mbali.

Bibi alipewa boksi lake: tambi, supu, siagi ya karanga, na maharage ya kopo yaliyotiwa sukari, ambayo aliyaonja baadaye akauliza nani aliyakosea. Akaambiwa arudi baada ya siku thelathini. Boksi ni la siku tatu, lakini hesabu hiyo haimo kwenye fomu.

Nami nimepeleka pendekezo kwenye kamati: mwombaji alete pia barua ya mtu aliyemwona akilala bila kula, yenye mhuri. Wamelipokea vizuri. Mzee mmoja tu ndiye aliyekuwa na swali, mhuri wa ofisi gani.