Spana Amepitia Ulaya

Ndugu yangu uliyeoa Kilosa, wewe huhitaji maelezo marefu. Kwa Wasagara, Wakaguru na Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba akishatia neno, baba hutafuta kiti akakaa. Kiti hicho nimekikalia tangu nilipooa, na nakiri kimeniepusha na magomvi mengi. Ila safari hii jambo lenyewe lilikuwa shule, na mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nikajua kwenye shule nitasikilizwa.

Binti yetu wa kwanza tunamwita Spana. Jina alilipata akiwa darasa la nne, alipoifungua feni mchana wa joto la Februari, akaipanga vipande vipande juu ya mkeka, halafu akairudisha ikazunguka. Baada ya feni ikaja redio, ikaja cherehani ya mama yake, ikaja pikipiki yangu. Kabureta aliiloweka kwenye petroli ndani ya sufuria kubwa ya pilau, ile mke wangu aliyopewa na mama yake siku ya harusi. Pilau la Idi mwaka ule lilinukia sheli, na wageni walikula kwa heshima ya marehemu mbuzi.

Kidato cha nne alifaulu vizuri, akapangiwa kidato cha tano, tahasusi ya PCM, yaani fizikia, kemia na hisabati, shule ya bweni nje ya mkoa. Ada ya kidato cha tano na sita serikali iliifuta mwaka 2022, lakini godoro, tranka, ndoo, sare na nauli vinabaki vya mzazi. Tulivinunua vyote. Muhula wa kwanza haujaisha, matroni akanipigia simu: mtoto ameaga anakuja nyumbani, je, amefika?

Nikamgeukia mke wangu, ambaye humu ndani namwita Waziri wa Mambo ya Ndani. Alikuwa anachambua mchele. Hakushtuka, akaendelea kutoa mawe. Hapo nikajua kwamba anajua. Mdogo wake Spana naye alijua, na mama mkwe alijua kabla ya wote. Mtoto alikuwa ameshafika Mikumi kwa bibi yake, na ameshaanza kazi kwenye gereji ya malori.

Sasa naomba nipite kando kidogo, maana bila Shangazi Redio kisa hiki hakijakamilika. Huyu ni dada yangu, anakaa jirani na stesheni, na habari zinamfuata alipo. Tangu treni za SGR zianze kupita Kilosa kwenda Dodoma mwaka 2024, taarifa yake ya asubuhi inafika makao makuu kabla ya chakula cha mchana. Alimuuliza mke wangu Spana yuko wapi. Mke wangu hapendi kusema uongo, akajibu: "Wifi, mtoto kapitia Ulaya." Ni kweli tupu. Ukitoka Kilosa kwenda Mikumi kwa barabara unaipita kata ya Ulaya, watu wa Ulaya wapo, na soko lao lipo. Lakini Shangazi hakuuliza ni Ulaya ipi. Hadi jioni majirani walikuwa wanaingia uani kutupa pongezi. Mmoja alileta kuku, mwingine aliacha namba ya kiatu cha mwanawe. Kuku tulimrudisha siku ya pili, kwa aibu na kwa mguu mmoja uliokuwa umeshavunjika.

Nikasafiri kwenda Mikumi kumrudisha mtoto shuleni.

Lazima uielewe Mikumi ndipo umwelewe Spana. Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Tunduma inakata katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyotangazwa mwaka 1964, yenye kilomita za mraba 3,230. Malori ya shaba ya Zambia na Kongo yanakuja hapo yakiwa yameshateremka mlima wa Kitonga, breki zimechemka, njiani kuelekea bandarini. Mbele yao kuna karibu kilomita hamsini za kukatiza hifadhi, penye tembo na nyati barabarani na mabango ya faini kwa kila mnyama atakayegongwa. Hakuna dereva anayetaka kuharibikiwa humo usiku, utingo wake ameshika jeki na simba anaunguruma kichakani. Kwa hiyo wanasimama mjini Mikumi, wanakula, wanakaza kila kinacholegea. Mji ule unalishwa na injini, na binti yangu alikwenda penye kazi.

Mama mkwe, Bibi Mizani, ana kibanda cha chakula pembeni ya barabara. Jina hilo wamempa madereva, kwa vile akikutazama mara moja anajua una uzito gani mfukoni. Nikamwamkia: "Shikamoo mama." "Marahaba baba. Kula kwanza." Nikala. Kwa mama mkwe hukumu haitoki kabla ya ugali.

Halafu nikaenda gereji. Nikaona miguu miwili imetokeza chini ya lori. "Shikamoo baba," sauti ikasema kutoka chini, "naomba unishikie taa." Nikashika taa. Alikuwa anabadilisha lainingi za breki, na kila nati aliyoitoa aliifuta kwa kitambaa, akaiweka kwenye sufuria, akiisemesha taratibu. Sufuria ilikuwa ile ya pilau. Nimefundisha watoto miaka mingi, na naujua uso wa mtoto anayesoma kwa hofu na wa mtoto anayesoma kwa mapenzi. Huyu wa chini ya lori sikuwahi kumwona akiwa na daftari la kemia.

Jioni kikao kikakaa. Aliyekiongoza ni shemeji yangu, Mjomba Jaji, ambaye hajasomea sheria lakini anatoa hukumu. Yeye ni mtu wa muziki wa zamani, na ushahidi wake wote unatoka Morogoro. Akamtaja Salum Abdallah, aliyetoroka kwao ujanani akikusudia kupanda meli kwenda Kuba, akaishia Mombasa, akarudi akaanzisha La Paloma mwaka 1948, bendi iliyokuja kuwa Cuban Marimba. Akamtaja Mbaraka Mwinshehe, aliyeacha sekondari miaka ya sitini kwa ajili ya gitaa, akaingia Morogoro Jazz, akafika hadi Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya mwaka 1970, kisha mwaka 1973 akaanzisha Super Volcano. "Angemaliza shule," akasema Mjomba, "leo tungekuwa na karani mmoja zaidi."

Nampenda Mbaraka kama ampendavyo yeye. Nikamjibu hivi, na bado nasimama hapo: Mbaraka aliingia kwa wapigaji waliomtangulia, wakamnoa. Gitaa likikosewa, wasikilizaji wanakunja uso. Breki ikikosewa, Kitonga inazika watu. Tena malori ya siku hizi yana kompyuta ndani, na bila nadharia fundi atabaki kukisia. Mtoto anayeacha shule kwa kazi aipendayo namkubali, mradi kazi yenyewe iwe na mwalimu, iwe na mtihani, na mlango wa masomo usifungwe nyuma yake. Serikali yenyewe tangu mwaka 2024 imeweka mkondo wa amali sekondari, maana imeona kwamba mikono nayo inasoma.

Watu wakanyamaza. Kisha Spana, bado ana grisi hadi kwenye viwiko, akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa. Ilikuwa fomu ya chuo cha VETA cha hapohapo Mikumi, ufundi wa magari. Fundi mkuu wake ndiye aliyemtuma kuichukua. Naye alijifunzia chini ya malori tangu ujana, na alipata cheti baadaye, VETA walipompima ujuzi wake wa mtaani. Alimwambia Spana asisubiri kupata mvi kwanza.

Bibi Mizani akaweka masharti yake. Arudi nyumbani kabla ya magharibi. Asipande lori la mtu, hata kwa kujaribu breki. Cheti cha kidato cha nne kikae sandukuni kwake, siku moyo ukirudi kwenye kemia kiwepo. Hakuna aliyebisha, na mimi moyo ulinitua, kwani mambo ya barabarani ndiyo yaliyokuwa yananinyima usingizi.

Fomu niliijaza mwenyewe usiku ule, kwa mwandiko wangu mzuri wa ubaoni. Nilipofika penye sahihi ya mzazi au mlezi, nikakuta Mjomba Jaji ameshasaini. Masomo yanaanza Januari. Ovaroli ananunua Mjomba, na mpaka leo anachagua rangi. Buti za chuma nimeachiwa mimi, namba arobaini, zenye soli nene, na Jumamosi nakwenda kuzitafuta Morogoro. Sufuria Bibi Mizani amekataa kuitoa, anasema aliinunua yeye, kwa hiyo Waziri ameniagiza nirudi na nyingine.