Dai la Punda

(Sokoni Mukuyuni, nje ya ofisi ya chifu. Punda amebeba mitungi minne ya maji iliyozibwa kwa magunzi. Muhuri yuko dirishani anaota jua. Mkuyu yuko palepale alipo siku zote.)

PUNDA: Hodi, Mheshimiwa. Nimeleta dai la fidia.

MUHURI: La nani?

PUNDA: La wachukuzi wa Kariokor, kikosi cha wabeba mizigo wa jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia.

MUHURI: Hao walikuwa binadamu. Wewe unaingiaje?

PUNDA: Kwa urithi wa kazi. Wazee wetu ndio waliotangulizwa kubeba, mbung'o akawamaliza. Mwaka 1917 Bwana Ainsworth, aliyeijua Machakos tangu enzi zake za ukubwa wa kikoloni Ukambani, akapewa kazi ya kukusanya watu. Punda tulipokwisha, wakaitwa wao.

MKUYU: Waliopita hapa niliwaona. Wengine hata ndevu hawajaota.

MUHURI: Mzee, subiri zamu yako. Punda, ni fidia ya ugonjwa gani?

PUNDA: Kuhara damu. Walikunywa walichokuta, hata cha dimbwini. Kwa hesabu ya serikali yenyewe walikufa zaidi ya 40,000, na risasi iliua wachache tu.

MUHURI: Dimbwi gani? Tarehe ngapi? Shahidi?

PUNDA: Shahidi wa kila aliyekunywa alikuwa nyuma yake kwenye msururu. Naye alikunywa.

MUHURI: Basi hakuna shahidi. Halafu nasikia unga waliopewa ulipikwa ukabaki mbichi, ukawaharibu matumbo. Sasa ni maji au ni unga? Fomu ina kisanduku kimoja.

PUNDA: Marekani swali hilo wamelifuta. Kambi ya Camp Lejeune, North Carolina, maji yaliingia kemikali, nyingine za dobi wa jirani, tangu 1953 hadi 1987. Mwaka 2017 wakakubaliana: askari aliyekaa pale siku 30, akiugua moja ya magonjwa manane yaliyotajwa, haulizwi ni glasi ipi iliyomdhuru.

MUHURI: Haulizwi? Na karani atafanya kazi gani?

MKUYU: Hata hao wamengoja miaka 30.

MUHURI: Hapo sawa. Miaka 30 hupunguza foleni.

PUNDA: Ya kwetu imepita 100.

MUHURI: Foleni imekwisha kabisa! Unaona utaratibu unavyofanya kazi?

PUNDA: Haya, tuache ugonjwa. Mshahara je? Waliokufa waliacha pesa zao mikononi mwa serikali. Bwana Watkins, mkubwa wa Kariokor, naye Mzungu kama wakubwa wa serikali, alihangaika miaka mingi jamaa za marehemu walipwe. London ikakataa.

MUHURI: Jamaa hawakupatikana.

MKUYU: Hawakupatikana? Kodi ya kibanda ilipodaiwa, si walipatikana wote, mpaka wajane wa kule milimani?

MUHURI: Kodi ni idara nyingine, Mzee.

PUNDA: Kwa hiyo dai langu?

MUHURI: Lete cheti cha kifo, nakala tatu, zilizotiwa sahihi na marehemu. Na kwa kuwa tumetaja kodi, ushuru wa soko wa leo umelipa?

PUNDA: Mimi sina hata mfuko, Mheshimiwa.

MUHURI: Mwenye mitungi anao. Anakaa wapi, ana watoto wangapi, na mkewe anauza nini Jumatano, yote tunayo.